Nusu ya Kichwa cha Katibu

Kuna vitu ukivigawa nusu kwa nusu havibaki na heshima yake: yai bichi, ahadi, na kichwa cha mtu mzima. Lakini Jumatatu ile, ndani ya saluni ya Mzee Wembe, kichwa cha Katibu kiligawanyika. Upande wa kulia ukawa uwanja uliofagiliwa, wa kushoto ukabaki kichaka.

Saluni ile ilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kimoja kikubwa kilichopasuka pembeni, na benchi refu la wanaosubiri zamu. Mtu hakwenda pale kwa ajili ya nywele peke yake. Alikwenda kuuguza moyo. Wote walikuwa mashabiki wa Korongo, timu ya mpira wa kikapu iliyokuwa ikifungwa Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka Mzee Wembe akaitungia kitendawili: mgonjwa wetu hapati nafuu, hafi, na kila Jumamosi tunakwenda kumtazama. Hakuna aliyewahi kutoa mji ili apewe jibu.

Siku hiyo Katibu alikuwa amekaa kitini, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni, mashine ya kunyolea inanguruma juu ya sikio lake. Alikuwa katibu wa timu yenyewe, na kwa muda mrefu hilo halikumdhuru mtu. Benchini walimtania, wakamtuma salamu kali kwa wakubwa zake, naye akacheka nao. Kisha redio iliyokuwa rafuni ikafika kwenye habari za michezo. Ikasikika sauti iliyorekodiwa asubuhi, ya taratibu, iliyonyooka, ikisema kwamba uongozi wa Korongo umeridhia kumwachia mchezaji wake namba tisa ajiunge na timu nyingine.

Namba tisa alikuwa Ngazi. Jina la ubatizo alilijua mama yake tu. Alikuwa mrefu hata akiingia saluni aliinama mara mbili, mlangoni na chini ya taa, na ndiye peke yake aliyewafanya watu wale waendelee kununua tiketi.

Mzee Wembe alizima mashine. Katika kimya kile redio iliendelea kuwashukuru mashabiki na kuwaomba wawe wavumilivu.

"Sauti hiyo na kichwa hiki," aliuliza, "ni vya mtu mmoja?"

"Ni vya mtu mmoja, Mzee."

"Basi ondoka navyo vyote viwili."

Akamfungua kitambaa, akakikung'uta, akakikunja. Benchini kila mtu alianza kuchunguza vidole vyake vya miguu. Katibu alijitazama kiooni mara moja tu, akavaa kofia yake, akaaga kwa adabu, akatoka.

Yote hayo Sindano aliyasikia. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao, maana chumba cha kushonea na saluni vilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati. Alikuwa binti pekee wa Mzee Wembe. Jina hilo la Sindano alilipata utotoni kwa wembamba, na ukubwani likamkaa kwa sababu ya ulimi. Shangazi yake, dada wa Mzee Wembe, aliyeishi nao, alikuwa na msemo wake: nyumba yenye wembe na sindano, anayetaka kuingia aingie polepole.

Na Katibu alikuwa ameingia polepole kweli. Alianza kwa kuleta fulana za timu zilizochanika kwapani. Siku za mwanzo aliziacha akaenda zake. Baadaye akawa anasubiri zishonwe. Mwisho akawa anashika uzi, anatunga sindano, anaokota vipande sakafuni, na fulana zenyewe zikawa zinachanika mara nyingi kuliko wachezaji walivyokimbia. Mwezi huo mambo yalikuwa yamefika pazuri. Mzee Wembe alikuwa ameambiwa, naye amesema kijana aje nyumbani Jumamosi asubuhi na mjomba wake, wajitambulishe.

Jioni ya siku ile ya redio, baba alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, mikono bado ina vumbi la nywele.

"Yule mgeni wetu wa Jumamosi," alisema, "mwambie nyumba imejaa."

Sindano alijua si hasira ya mpira tu. Mama yake alipofariki, yeye akiwa mdogo, baba hakujua kusuka, hakujua kubembeleza, hakujua la kumwambia mtoto anayelia. Alichojua ni kumbeba begani kila Jumamosi hadi ukumbi wa Korongo. Huko walipiga kelele mpaka koo likakauka, wakarudi nyumbani wakalala. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yao. Sasa mtu alikuwa ameigusa dawa, na mtu huyo alikuwa anataka pia kumchukua mtoto.

*

Alhamisi mchana Katibu alipita mlango wa nyuma. Kofia ameishusha mpaka masikioni, mkononi ana mfuko. Sindano, kabla hajaitikia salamu, aliweka mguu kwenye kanyagio na kuanza kuiendesha cherehani bila kitambaa, ili mlio wake ufunike maneno yao. Upande wa pili wa mbao mashine ya baba ilikuwa ikinguruma juu ya kichwa cha mtu mwingine.

"Umeleta nini?" alinong'ona.

"Kazi." Katibu alifungua mfuko kama mtu anayefungua kidonda. Ndani mlikuwa na fulana namba tisa. Alieleza kwa aibu kwamba ofisini wameona haina haja ya kununua nyingine. Mchezaji mpya anayekuja ni kijana mfupi, kwa hiyo ipunguzwe chini na mabegani.

Sindano aliipitisha fulana mikononi. Mshono wa kwapani ulikuwa wake, ameurudia mara ngapi hata hakumbuki. Kila Ngazi aliponyoosha mkono kuufikia ule mduara wa chuma, mshono huo ndio ulionyooka naye.

"Kwa hiyo mnataka nimkate Ngazi awe kigoda."

"Si mimi ninayetaka."

"Kila kitu si wewe. Redioni si wewe, fulana si wewe. Wewe uko wapi, Katibu? Nionyeshe mahali ulipo nikushike."

Katibu alivua kofia.

Sindano alikuwa amesikia habari za kichwa kile mtaani, lakini kuona ni kitu kingine. Mpaka ulipita katikati kabisa, umenyooka, kazi safi ya baba yake, upande mmoja unang'aa na mwingine umeanza hata kuota zaidi. Sindano alitaka kucheka, na kicheko kilipofika kooni kikageuka kuwa kitu kingine.

"Vinyozi wamejaa mjini. Kwa nini hukwenda kumaliziwa?"

"Aliyeanza yuko hai."

Mkono wa Sindano ulinyanyuka wenyewe. Alipitisha vidole juu ya mpaka ule taratibu, kutoka utosini hadi nyuma ya sikio, na Katibu akafumba macho kama mtoto anayesinzia. Walikaa hivyo. Mguu ulisahau kanyagio, cherehani ikanyamaza, na kule upande wa pili Mzee Wembe akakohoa kikohozi kifupi. Mguu uliruka ukaanza kukanyaga upya.

"Niambie kitu kimoja," Sindano alinong'ona. "Ulikubali auzwe?"

Katibu alishusha sauti. "Mwenyekiti aliuliza anayekubali anyooshe mkono. Mikono yote ilinyanyuka. Wangu ulibaki mezani. Niliwaambia kwamba yule si mchezaji tu, ni sababu ya watu kuja. Wakaniambia katibu kazi yake ni kuandika na kusoma. Nikaandika, nikasoma."

Moyo wa Sindano ulipiga kwa furaha hata akaogopa mbao zitausikia. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo. "Basi mwambie baba. Mwambie sasa hivi, ukuta huu hapa. Akijua hukunyoosha mkono atakusamehe, na Jumamosi utakuja."

"Siwezi, Sindano."

"Huwezi nini? Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Lakini yaliyosemwa kikaoni hubaki kikaoni, nimeapa hivyo. Nikienda mtaani kusema wale walitaka mimi sikutaka, nitakuwa nimejiosha kwa kuwamwagia wenzangu maji machafu. Leo nitawakana wao ili nipate mke. Kesho nikibanwa nitamkana nani?"

"Wenzako?" Kanyagio lilianza kwenda mbio. "Wenzako hao wanaokutanguliza mbele kama ngao? Mwenyekiti wako hapiti hata mtaa huu siku hizi. Wewe ndiye unayetukanwa sokoni. Wewe ndiye mwenye nusu ya kichwa. Na mimi je? Baba ananitazama kila asubuhi kama mtu aliyeibiwa. Sikuombi uongo, nakuomba ukweli wako mwenyewe, na huo pia unanibania."

"Huo nimekupa wewe."

"Nimepewa niufiche chini ya cherehani."

Macho ya Katibu yalikuwa mekundu. Sindano aliikunja fulana vizuri, pembe kwa pembe, akairudisha mfukoni mwake.

"Siikati. Waambie fundi amekataa. Na wewe usipite tena mlango huu wa nyuma. Kama huna la kumwambia baba yangu, hata mimi huna la kuniambia."

Katibu alivaa kofia. Alifika mlangoni, akageuka, akamtazama namna mtu anavyoutazama moto siku ya baridi akijua anatoka nje. "Nikirudi nitapita wa mbele," alisema. Akaondoka. Sindano aliendelea kukanyaga, hakuna kitambaa, hakuna uzi, mpaka mguu ukafa ganzi.

Wakati wa chakula cha jioni shangazi alisimulia ya jirani peke yake, maana wenzake wawili walikuwa wanahesabu punje za wali. Mwisho Mzee Wembe akauliza, bila kuinua uso, mchana ule cherehani ilikuwa inashona nini. Sindano alisema nguo ya mteja.

"Imelia kikavu," baba alisema. "Nguo ya mteja gani isiyo na kitambaa?"

Shangazi alimtazama huyu, akamtazama yule, akaamua kwamba chumvi imepungua, akaenda kuitafuta jikoni na akakaa huko muda mrefu.

*

Jumamosi asubuhi hakuja mgeni. Jioni wakaenda ukumbini.

Mashabiki walikuwa wamekubaliana saluni namna ya kuonyesha uchungu wao. Hakuna kurusha chupa, hakuna matusi. Mchezo ukianza, kila mtu asimame, ageuze mgongo, na akae hivyo kimya robo nzima ya kwanza. Uongozi ukiwa umekaa meza kuu uone migongo, ujue maana ya kugeuziwa mgongo.

Lilikuwa jambo zuri, ila walisahau kitu kimoja: walikuwa wanaipenda timu. Filimbi ilipolia na migongo ikageuka, ukumbi mzima ulibaki unatazama ukuta wa matofali na madirisha ya juu yenye vumbi. Nyuma yao mpira ulidunda, viatu vikapiga kelele sakafuni, refa akapuliza, na hakuna aliyejua kwa nini. Baada ya muda mfupi minong'ono ikaanza. Nani kafunga? Sisi au wao? Mtu mnene wa duka la vipuri alikuwa anatokwa jasho kama anayezuia kupiga chafya.

Ndipo Mzee Wembe, ambaye kugeuka nyuma lilikuwa wazo lake mwenyewe, akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kile kioo kidogo cha mkononi anachowaonyeshea wateja visogo vyao. Akakiinua usawa wa bega. Bila kugeuza shingo, akaanza kusimulia chinichini.

"Wao wanao. Wamekosa. Sisi tunao. Yule mfupi mpya anakimbia. Anakimbia vizuri, mjinga huyu. Amefunga."

Safu nzima ilivuta pumzi kwa furaha, kimya, migongo imenyooka kama ya watu wenye msimamo. Habari ikapita safu kwa safu kama maji kwenye mchanga.

Sindano alikuwa amesimama pembeni ya baba yake. Hakuwa anafikiri habari za mpira. Alijua meza kuu iko nyuma yao, chini kidogo upande wa kushoto, na alihisi kisogo chake kina joto. Mara baba akamsukumizia kioo mkononi. Alisema macho yake yamechoka, amsaidie kutazama.

Alikiinua. Kioo kilipita juu ya kikapu, kikapita kwa kocha aliyeshika kiuno, kikafika meza kuu. Viti vya wakubwa vilikuwa vitupu. Walikwishaona migongo, wakaondoka kwa mlango wao. Kilibaki kiti kimoja chenye mtu mwenye kofia. Naye hakuwa anatazama mpira. Alikuwa akiwatazama wao, migongo mia kadhaa iliyogeuzwa kwa ajili yake, na alipokiona kioo kidogo kikimetameta kati ya mabega, akajua ni cha nani, na akajua kimeshikwa na nani. Hakutabasamu. Aliweka mkono kifuani tu, akauacha hapo.

"Nini kinaendelea?" baba aliuliza.

"Hakuna, baba. Wamesimamisha mchezo."

Korongo ilifungwa, lakini si kwa aibu. Mchezo ulipokwisha watu walikataa kutoka. Walisema wanataka uongozi uje mbele yao, na mlinzi aliyetumwa kuwaomba waende nyumbani akakaa nao. Muda ulipita. Kisha Katibu akaingia uwanjani akiburuta meza kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine. Akaiweka meza chini ya kikapu, akakaa, akakunja mikono, akasema yuko peke yake na amekuja kusikiliza.

Wakamwambia. Kila mwenye donge alilitoa. Mama muuza maua alisema amenunua tiketi tangu ukumbi haujawa na paa. Kijana mmoja alisema amechora namba tisa mgongoni kwa wino usiofutika, sasa aende wapi na mgongo huo. Mzee mwenye fimbo alisema wakubwa wanawaona wao kama kuku, wa kurushiwa punje na kufukuzwa. Katibu aliyaandika yote, hakumkatiza mtu. Ndipo yule mama wa maua akamwambia anapozungumza na watu wazima avue kofia.

Akavua.

Kicheko kilichopasuka kiliamsha hata njiwa waliolala juu ya mabati. Watu walishikana mabega. Sindano na baba yake peke yao hawakucheka.

"Mwanangu, ni kinyozi gani aliyekufanyia hivyo?" mama wa maua aliuliza akifuta machozi.

"Kinyozi bora kuliko wote ninaowajua," Katibu alijibu. "Hajamaliza tu."

Kicheko kilipungua polepole, maana vichwa vilianza kugeuka safu moja baada ya nyingine kumtafuta Mzee Wembe. Mzee alisimama. Ukumbi ukanyamaza kabisa.

"Katibu," alisema. "Siku mliyokaa kumuuza Ngazi, mkono wako ulikuwa wapi?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, na baba mwenyewe ndiye aliyeufungua. Sema, Sindano alimwomba moyoni. Sema ulikuwa mezani. Neno hilo moja tu, mbele ya watu wote, na kila kitu kitarudi mahali pake.

Katibu aliinua macho. Alimtazama Mzee, kisha Sindano, na kwake macho yakakaa kidogo, yakamwomba radhi.

"Mkono wangu huu hapa mbele yenu, Mzee. Ofisi iliamua, na mimi ni mtu wa ofisi. Sauti mliyoisikia ni yangu, siikani. Kama kuna lawama, hii ndiyo sehemu yangu, nipeni. Ngazi siwezi kumrudisha. Ninachoweza ni kukaa meza hii kila mchezo ukiisha, tukishinda au tukifungwa. Mtaniambia, na nitayafikisha ndani kama yalivyo, bila kuyapunguza ukali."

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyezomea. Mzee Wembe alimtazama muda mrefu kama anayepima kichwa kabla ya kushika mashine, kisha akakaa.

Na Sindano akaelewa, pale pale kwenye benchi gumu, kitu alichokuwa amemwomba mwanamume yule Alhamisi. Alikuwa amemwomba achague wa kumwangusha. Naye alikuwa amekataa, ameona afadhali aanguke mwenyewe.

Watu walipoanza kutoka Sindano alishuka ngazi moja moja hadi uwanjani. Kofia ilikuwa imedondoka chini ya meza. Aliiokota, akaipangusa, akampa.

"Nilikuuliza uko wapi," alisema.

"Nakumbuka."

"Nimeshakuona."

Hakungoja jibu. Baba alikuwa anamsubiri mlangoni. Usiku huo shangazi alipouliza matokeo aliambiwa tumefungwa, na wote wawili wakaenda kulala mapema.

*

Jumatatu benchi la saluni lilijaa tangu asubuhi. Sindano alikuwa akipiga vifungo vya shati upande wake wa ukuta aliposikia mlango wa mbele, ule wenye kengele, unafunguliwa, na mazungumzo yote yanakatika.

Ilisikika sauti aliyoijua ikiwasalimu wazee. Wakaitikia kwa mkato. Kisha baba yake akauliza zamu ni ya nani.

Halafu yule mtu wa vipuri akasafisha koo. "Zamu ni yake, Mzee. Sisi hatujaanza. Yeye yuko katikati."

Kiti cha kuzunguka kililia. Kitambaa kikakung'utwa, na mashine ikaanza kunguruma. Sindano aliliacha shati. Alivuta kiti hadi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye kanyagio kwa mazoea tu, kama mtu anayejificha nyuma ya mkono wake.

Baba alinyoa kwanza. Kisha akasema, si kwa kunong'ona, wala si kwa kupaza, "Ukuta huu ni wa mbao, kijana."

"Naujua, Mzee."

"Basi ujue na hili. Alhamisi nilikuwa hapa hapa, mashine nimeizima. Mkono wako ulikuwa wapi nilikwishajua kabla sijakuuliza."

Cherehani ilianza kwenda yenyewe, polepole.

"Nilikasirika," Mzee aliendelea. "Nilisema, kama ana neno la kumwokoa, atalitoa siku akiona watu wengi. Nikakungoja ulitoe. Lau ungelitoa ningekumalizia kichwa, maana nusu ile ni aibu yangu mimi, lakini binti yangu usingemwona tena. Mtu anayewatupa wenzake majini ili boti iwe nyepesi, siku moja atabaki na mkewe botini." Akapuliza nywele kutoka kwenye mashine. "Usitikise kichwa. Ukilia unatikisa kichwa, nami nitakukata sikio."

Benchini mtu alikohoa. Mwingine akapenga kamasi. Cherehani ilikuwa inakwenda kasi sasa, kasi kabisa, kavu, na machozi ya Sindano yalikuwa yanadondoka juu ya meza yake mahali ambapo kitambaa kingekuwa.

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Ulisikika mlio mdogo wa kioo cha mkononi kikitoka mfukoni, na Katibu akionyeshwa kisogo chake.

"Kichwa kizima," baba alisema. "Umeridhika?"

"Nimeridhika, Mzee."

"Usiniite Mzee kila dakika, nitazeeka." Kisha akagonga mbao kwa kifundo cha kidole. "Sindano."

Cherehani ikanyamaza. "Naam, baba."

"Tia kitambaa, mwanangu, unaichosha mashine bure. Kama huna kazi, anza na pazia la sebuleni, lile limepauka tangu enzi za mama yako. Jumamosi asubuhi tuna wageni." Akakung'uta kitambaa cheupe. "Waje mapema, lakini. Jioni sote tunakwenda kumtazama mgonjwa."

Benchi lote likacheka, na ndani ya kicheko kile Sindano alisikia kimoja, cha Katibu, alichokuwa amekikosa wiki nzima. Alinyoosha mkono akavuta kitambaa cha kwanza kilichomkaribia, hata rangi yake hakuitazama. Akakilaza mahali pake, akashusha mguu wa cherehani, akakanyaga. Safari hii ililia mlio wa kushona.